Nukta Kumi na Saba

Kwenye ukuta wa karakana ya Celso Marmentini, juu ya mashine ya kutobolea mitutu, kuna ubao uliojaa barua. Watu wazima wenye wake na wajukuu wanaandika kutoka Amerika, Ujerumani na kwingineko, wakiomba bunduki zilizokufa zifufuliwe. Mmoja anataka bastola ya mabaharia iliyoacha kutengenezwa kabla babu yake hajazaliwa. Mwingine anataka bunduki ya askari wapanda farasi wa upande ulioshindwa vita, na amejaza kurasa nne za kubembeleza kama mtu anayeposa. Barua hizo ndizo zimetulisha sisi wa bonde la Trompia kwa miaka sitini. Bunduki yenyewe ya kale haipatikani, na ikipatikana haiguswi. Basi sisi wa Gardone, mji wetu wa bondeni, tunatengeneza pacha wake, mpya, anayefyatuka, mwenye sura ya marehemu.

Barua nyingi kuliko zote ziliomba Karabini ya Kusini. Ni bunduki fupi ya risasi moja, iliyotengenezwa hapa hapa bondeni enzi za mababu zetu, ikauzwa kwa mashamba ya kondoo kwenye ncha ya mwisho ya Amerika, kule chini kunakovuma upepo mwaka mzima. Wanasema zimebaki kumi na moja tu duniani. Celso aliwajibu miaka mingi kwamba hana ya kunakili, na huwezi kunakili picha. Mwaka huu, mwezi wa tatu, akaipata. Wakili mstaafu wa Torino, Ildebrando Massoero, mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa karabini hiyo, alikubali kuazimisha ya kwake. Kitako chake, ile mbao inayoegemezwa begani, Celso alisema, hakina mwenziwe.

Kitako ndicho kilichonihusu. Mimi ni mchanjaji. Wanaume wa bonde hili wanashughulika na chuma karakanani. Sisi wanawake tunaletewa vitako nyumbani, tunavichanja mistari midogo inayokatana pale mkono unaposhika ili usiteleze. Tunafanyia kazi jikoni, kitako kikiwa kimebanwa kwa jiliwa kwenye meza ile ile ya kukandia unga. Shangazi yangu Palmira alinifundisha nikiwa na miaka kumi na minne, kama yeye alivyofundishwa na mama yake. Wachora chuma, wanaume, hutia sahihi chini ya kazi zao na majina yao hutoka kwenye katalogi. Mchanjaji hana jina. Shangazi amechanja vitako visivyo na idadi mpaka macho yakamfifia, na hakuna mtu hata mmoja aliyeshika bunduki akauliza hii kazi ni ya nani.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda changu, na Celso alipajua.

"Safari hii utaandikwa," aliniambia akilaza kitako mezani, juu ya kitambaa safi kama mtoto mchanga. "Ukurasa wa kwanza wa kijitabu kitakachoambatana na bunduki. *Kimechanjwa kwa mkono na Delfina Tameni.* Herufi za dhahabu."

"Umelewa, Celso."

"Sijaonja kitu tangu asubuhi, ndiyo maana nina hasira. Wakili mwenyewe ametaka hivyo. Vitako arobaini vya toleo maalumu, na kila bunduki itatoka na jina lako."

Niligeukia jiko nikajifanya natazama maharage, maana sikutaka aone uso wangu.

Kitako kilikuwa cha mti wa mjozi, cheusi kwa mafuta na umri. Upande wa kulia, nyuma ya mahali pa shavu, palikuwa na alama ambazo sijawahi kuziona. Zilipangwa kwa safu saba. Mistari mirefu iliyosimama, mistari mifupi iliyoinama, na hapa na pale nukta ndogo ya mviringo, imezama kama tundu la sindano nene. Mchanjaji akikutana na mchoro mgeni hutafuta kanuni yake. Wiki nzima nilikaa na lenzi nikitafuta kanuni. Mrefu, mrefu, mwinamo, nukta. Mrefu, mwinamo, nukta, nukta, nukta. Nikaamua kwamba fundi mmoja wa zamani, wa humu humu bondeni, aliiga ufumaji wa wachunga kondoo wa kule, na nukta zile ni mafundo ya uzi. Nikampenda fundi huyo. Nikamwona akiwa na mikono mikubwa na subira.

Shangazi alipitisha vidole juu ya safu zote saba, taratibu, kama anayemkagua mtoto chawa.

"Huyu hakuwa mchanjaji," alisema.

"Kwa nini?"

"Hazina kina kimoja. Hapa kabonyeza kwa nguvu, hapa kapapasa tu. Leo kafanya moja, kesho kafanya tatu. Mchoro hufanywa kwa mkao mmoja, mwanangu, mkono ukiwa na moto ule ule."

"Macho yalikwisha, sasa na vidole?"

"Vidole hivi vilikuwa vinasoma mbao mama yako akiwa bado analamba makamasi. Shauri yako."

Nikacheka. Na hapa ndipo ilipo aibu yangu. Mpita njia yeyote angeona mikwaruzo ya mtu asiye na kazi akaipita. Mchanjaji tu, aliyekaa na mistari nusu ya maisha yake, ndiye angeweza kuona usanii pale. Na kwa kuwa kanuni yetu ya kunakili ni kunakili mpaka kosa la marehemu, hata kile kina kisicho sawa nilikiiga, nikajisifu. Kwa ajili ya nukta nilitengeneza chombo changu mwenyewe: nilivunja ujiti wa mwavuli wa zamani, nikaunoa ncha yake ikawa duara, nikaupigilia kwenye mpini wa kijiko. Nukta moja, mizunguko mitatu ya kiganja. Shanga, nilikuwa naziita. Kila kitako kilikuwa na shanga kumi na saba.

Kuanzia Mei hadi Septemba nilichanja vitako arobaini. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Naandika neno hilo, nzuri, na mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika, lakini ni kweli.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba wakili alikuja kuziona. Celso alimwandalia spiedo uani kwake. Tangu saa kumi na mbili asubuhi vyuma virefu vilikuwa vinazunguka juu ya makaa, vimetungwa nyama ya nguruwe, viazi na ndege wadogo wa porini, mzima mzima na vichwa vyao, kila kipande kimetengwa kwa jani, siagi ikidondoka juu yake. Saa saba tukakaa mezani: Celso, mkewe Bice, mimi, shangazi, na wakili. Wakili Massoero alikuwa mzee nadhifu mwenye mikono laini. Alinibusu vidole.

"Hii ndiyo mikono," alisema. "Bibie, nimevitazama vitako vyako karakanani. Nimeshika kimoja chako na kile cha kwangu, nikafumba macho, sikuweza kutofautisha."

"Nimefurahi, Bwana Wakili."

"Umefurahi? Mimi karibu nilie. Chama chetu kimeisubiri miaka kumi na mitano."

Bice akamwaga polenta, ugali wetu wa mahindi, kwenye ubao, ikatambaa ya manjano, yenye moshi. Tukala. Wakili alikuwa anakula wale ndege kama wanavyoliwa, kwa mkono, akianza na kichwa, mifupa ikilia mdomoni mwake. Hata mimi nilikuwa nakula hivyo hivyo, nisijitie utakatifu.

"Kuna kitu kimoja tu kimebaki," alisema akijipangusa. Akatoa karatasi nene yenye nembo ya chama. "Cheti. Wanachama wameshauziwa bandia mara mbili, wamekuwa waoga. Wanataka mchanjaji wa Gardone aseme kwa maandishi kwamba alama za kitako changu ni za kale, umri mmoja na bunduki, hazikukatwa jana na mfanyabiashara. Bila cheti hawaagizi hata moja. Kikiwepo, wanachukua hizi arobaini, na mwakani mia tatu."

"Ni za kale," nilisema. "Hilo halina ubishi. Ila ningependa kumjua fundi wake. Nimemtafuta kwenye vitabu vyote."

"Fundi gani?"

"Aliyechora mchoro huu."

Wakili akamtazama Celso. Celso akatazama sahani yake. Kisha wakili akacheka, kicheko cha upole, kama mtu aliyeulizwa na mtoto jua linalala wapi.

"Celso, hukumwambia? Bibie, huo si mchoro. Ni hesabu." Akachukua ndege mwingine. "Mashamba yale yalikuwa na shida na wenyeji. Wenyeji walikuwa wanakula kondoo. Wao walimwona kila mnyama kuwa wa kuwindwa. Basi wenye mashamba wakaajiri wawindaji. Bunduki hii ilikuwa ya mmoja wao, na nina barua ya mjukuu wake, kila kitu kimeelezwa humo. Ndiyo maana haina bei. Zile nyingine kumi ni bunduki tu. Hii ina maisha." Akatafuna. "Mirefu ni wanaume. Iliyoinama ni wanawake."

Akaingiza ukucha kutoa kifupa kilichomkwama kwenye jino. Sote tulimsubiri atoe.

"Na nukta?" nikauliza.

"Wadogo," alisema, akanyoosha kiganja hewani, usawa wa meza, kuonyesha kimo.

Bice akaweka mwiko chini. Shangazi akasukuma sahani yake mbele, akakunja mikono mapajani. Celso akasema divai ya mwaka huu imetoka vizuri.

Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye vibanda vya sungura, nikatapika. Nilitapika polenta, nikatapika siagi, nikatapika kifuvu kidogo cha ndege nilichokuwa nimekimeza bila kukitafuna vizuri. Nikakitazama pale kwenye majani. Nukta kumi na saba, vitako arobaini. Nimezikata mia sita na themanini, kila moja mizunguko mitatu ya kiganja, nikiimba.

Celso akaja na kitambaa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini?"

"Celso."

Akapiga teke jiwe. "Nilijua tangu mwezi wa tatu. Barua ya mjukuu ilikuja pamoja na bunduki. Sasa ningekuambia, ungechanja vizuri vile?"

"Nisingechanja kabisa."

"Ona sasa." Akanipa kitambaa. "Delfina, wewe umezaliwa wapi? Unadhani bunduki tunatengeneza za kukorogea polenta? Ile nyumba yako, hii yangu, kengele ya kanisa, kiwanja cha mpira, vyote vimetoka wapi? Shangazi yako kachanja vitako vya jeshi miaka ya vita. Umewahi kumuuliza vilikwenda kumpiga nani?"

Alikuwa na haki. Alikuwa amesimama kwenye kinyesi cha sungura, ana siagi kidevuni, na alikuwa na haki.

"Lakini hatukuwahi kuuza maiti zenyewe," nilisema mwishowe.

"Tunauza mbao zilizokatwakatwa. Waliokufa wameshakufa, hata ukitapika ini. Mimi nina watu kumi na sita karakanani na hii ndiyo kazi pekee niliyonayo mwaka huu. Sikuombi uipende. Nakuomba uandike kilicho kweli: kwamba alama ni za kale. Mwenyewe umesema mezani." Akatoa bahasha mfukoni. "Barua ya mjukuu hii, nakala, ukitaka kuiona kabla ya kuandika. Kesho saa nane tunakuja kuchukua cheti na vitako. Wakili anarudi Torino jioni." Akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Na jina lako. Usisahau umelililia tangu una miaka ishirini."

Asubuhi ya Jumatatu vitako arobaini vilikuwa vimepangwa jikoni kwangu, mstari kwa mstari, kuanzia dirishani hadi mlango wa stoo, na kile cha kale kimelala mezani. Tulikunywa kahawa tukiwa tumevipa mgongo.

"Sema ni bandia," shangazi alisema.

"Nini?"

"Andika kwamba alama zimekatwa juzi juzi. Nani atakubishia? Kule Torino hakuna ajuaye mbao kukuzidi. Yule mla vichwa atachukua gongo lake arudi nalo kwao, na hizi arobaini hazitauzika. Neno moja tu, yamekwisha."

Lilikuwa wazo safi. Nilichukua karatasi ya kujaribia nikaandika: *Alama hizi ni mpya.* Kisha nikachukua lenzi, sijui kwa nini, labda nilitaka kujipa moyo. Ndani ya kila mstari palikuwa na uchafu mweusi wa miaka, mafuta ya bunduki na jasho la mtu, umekauka tabaka juu ya tabaka. Kingo za mistari zilikuwa zimelainika kwa kusuguliwa na mkono wa koti. Alizibeba alama zake, akazisugua, akazitia mafuta. Kwenye safu ya tano, ile yenye nukta tatu mfululizo, kina kilikuwa kile kile kwa zote tatu. Hizo peke yake zilikuwa na kina kimoja. Mkao mmoja, mkono ukiwa na moto ule ule, kama shangazi anavyosema. Watoto watatu wa siku moja.

Nikaisoma barua ya mjukuu. Ilikuwa kurasa mbili, imeandikwa bila aibu wala fahari, kama mtu anayeeleza namna babu yake alivyofuga nyuki. Humo ndimo nilimokuta jina la watu wale, Waselknam, ambalo mezani hakuna aliyelitaja. Pale walikuwa wenyeji tu, walikuwa shida.

Nikamwambia shangazi siwezi.

"Huwezi nini?"

"Nikiandika kwamba ni mpya, basi hakuna aliyeuawa. Mwenye shamba wa kule alikuwa anatafuta nini maisha yake yote kama si mtu wa kuapa kwamba hakuna kilichotokea? Nitakuwa nimempa. Mimi, kutoka jikoni kwangu."

"Waliokufa hawasomi vyeti, Delfina."

"Ndiyo maana inabidi mwingine asiwadanganyie."

Shangazi alilamba kijiko cha kahawa. "Basi ukiandika ni za kale, yeye anauza. Ukiandika ni mpya, unawafuta. Umekwama kama panya kwenye chupa."

Nilikwama. Nilizunguka jikoni. Kisha nikafikiria mezani kwa Celso, jinsi maneno yale yalivyotamkwa, na jinsi kwenye ile karatasi nene ya chama, niliyokuwa nimepewa niijaze, palivyochapwa tayari kichwa cha habari: *Mapambo ya kale ya kitako.* Mdomoni walikuwa wanaume, wanawake na wadogo. Kwenye karatasi walikuwa mapambo.

Nikakaa nikaandika. Niliandika kwa sentensi moja isiyo na nukta ndani yake, mistari imebanana:

*Mimi Delfina Tameni, mchanjaji wa Gardone, nathibitisha kwamba alama sitini na nne za kitako hiki ni za kale na ni za kweli na kwamba si mapambo bali zilikatwa na mtu aliyelipwa kuua Waselknam, ishirini na wanane wanaume, kumi na tisa wanawake na kumi na saba watoto, na anayenunua nakala yake ananunua hesabu hiyo.*

Kichwa cha habari nikakikata kwa mstari. Sahihi yangu sikuiweka chini. Niliiweka juu ya maneno yenyewe, kubwa, kutoka pembe hadi pembe, ili asipatikane wa kukata kipande akaacha kipande. Ndiyo mara ya kwanza jina langu kuandikwa juu ya kazi.

Halafu nikachukua tupa kubwa ya mbao, nikabana kitako cha kwanza.

Mchanjo hauondoki kwa kubembelezwa. Lazima ule mbao mpaka chini ya kina chake, na ukifika huko kitako kimekonda, chuma hakikai tena sawasawa, kimekuwa kuni. Nilijua. Kimoja kilinichukua dakika kumi. Vumbi la mjozi lina uchungu, linakwama kooni. Shangazi alikuwa ananipokea kilicholainika, anapitisha vidole, anakiweka kando, ananipa kingine. Cha kale hatukukigusa. Kile kina haki ya kubaki na alama zake mpaka mwisho wa dunia, kwa kuwa ni shahidi. Hivi arobaini vilikuwa sherehe.

Nilikuwa kwenye cha thelathini na nne Celso alipofungua mlango, wakili nyuma yake.

Celso alitazama rundo, akatazama tupa, akatembea moja kwa moja hadi dirishani, akavikusanya vile sita vilivyobaki, akavikumbatia kifuani.

"Mbao yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Umekula mbao yangu."

"Cheti kiko mezani," nikamwambia wakili.

Wakili alipuliza vumbi, akavaa miwani, akasoma. Alisoma mara mbili. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayesahihisha mkataba.

"Hii siwezi kuichapa," alisema.

"Kuna uongo humo?"

"Si suala la uongo. Kijitabu kinakwenda kwa familia za watu. Kuna maduka, kuna maonyesho." Akageuza karatasi, akaiinua kwenye mwanga, akiangalia ni wapi mkasi ungepita. Sahihi ilipita kila mahali. "Tuandike hivi: *alama za kale zinazohusishwa na mapambano dhidi ya wenyeji.*"

"Hakukuwa na mapambano."

"Basi tuwe wakweli nusu njia, bibie. Wanaume waache humo. Wanaume watu wanaelewa, ni historia. Wanawake..." Akapima kwa mkono, juu, chini. "Wanawake tunaweza kuwaita *wengineo*. Watoto toa. Toa kwenye cheti, na hivyo sita alivyoshika Celso vinatosha kwa kuanzia, viondolee nukta. Bila nukta kitako kinapendeza vile vile. Labda zaidi."

Nilitazama mdomo wake ulivyolitamka neno hilo, kinapendeza. Kulikuwa na jani dogo la jana au la leo limekwama kwenye jino lake.

"Jana uliwasema mmoja mmoja, huku unatafuna," nikamwambia.

"Jana tulikuwa marafiki mezani. Leo ni maandishi."

"Mzee," shangazi alisema kutoka kwenye kiti chake, "kama haliandikiki, lisingesemeka mbele ya chakula."

Wakili hakumtazama. Alikunja cheti, akakikunjua, akakirudisha mezani katikati ya vumbi, kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha leso ya mwenye mafua. Akafungia kitako cha kale kwenye kitambaa chake na kukitia kwenye kasha.

"Wenzako walioniandikia kutoka mabonde mengine hawakuwa na makuu haya," alimwambia Celso, si mimi. "Nitafute ukipata mtu." Akatoka. Tulisikia gari lake likishuka kuelekea mto.

Celso alibaki amesimama na vitako sita kifuani. Nilidhani angenitukana. Alikaa kwenye stuli ya shangazi ya kumenyea viazi.

"Watu kumi na sita, Delfina," alisema. "Nenda wewe ukawaambie."

"Nitakwenda."

"Utawaambia nini? Kwamba umepata kichefuchefu?"

"Nitawaambia alichosema kuhusu nukta. Kisha wanitukane, wana haki."

Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Ines, yule mchanjaji wa Inzino, angenichanjia hivi bila nukta kwa siku mbili, na angemwandikia wakili cheti chochote."

"Angekuchanjia. Mpelekee."

Celso akatazama vitako kifuani mwake. Alikuwa amevishika upande wa alama umegusana na shati lake la kazi. Nadhani ndipo alipojua alichokuwa amekumbatia, maana alivitoa kifuani ghafla kidogo, akavishika kwa mbali, kisha akaviangusha mezani vyote kwa pamoja.

"Maliza uchafu wako," alisema. "Na usingoje kitako kingine kutoka kwangu. Wala kwa mtu mwingine bonde hili, nitahakikisha."

"Najua, Celso."

Alitoka bila kufunga mlango. Shangazi akainuka akaufunga, kwa sababu upepo ulikuwa unarusha vumbi kwenye sukari. Nikabana cha thelathini na tano.